Waya wa Choki Uliotupeleka Kibondo

Nilisafiri kwenda Kibondo kwa sababu ya waya mmoja ambao niliufunga kwa mkono wangu mwenyewe, nikaufunga vibaya, na kwa muda wa miezi miwili sikujua.

Wakati huo, katikati ya miaka ya sabini, nilikuwa fundi umeme wa magari katika gereji ndogo mjini Kasulu. Mimi ni mtu wa Ujiji na kazi nilijifunzia Tabora. Watu waliniita Fundi Shabani, na sitaficha kwamba nililipenda jina hilo. Gari likigoma Muyama au Makere, wenyewe walisema, "Mpelekeeni Shabani," nami nikisikia nilijifanya sikusikia.

Mwezi wa kwanza wa mwaka ule tuliletewa pikapu ya zahanati moja iliyoko ng'ambo ya Kibondo, kwenye njia ya Kakonko. Ilikuwa gari kuukuu la petroli lenye turubai nyuma. Lilibeba dawa, na siku ya shida lilibeba wagonjwa. Kabureta yake ilikuwa imekwisha. Tukapata nyingine kutoka kwenye gari lililopata ajali, nayo ilikuwa na choki ya umeme.

Kwa msomaji asiyejua magari, choki ni kibao kidogo ndani ya kabureta. Injini ikiwa baridi, kibao hicho huziba hewa ili petroli iingie nzito na moto ushike. Injini ikipata joto, kibao hufunguka. Magari mengi ya siku zile dereva alikivuta kibao hicho kwa mkono. Choki ya umeme inajifanyia yenyewe: ubavuni mwa kabureta kuna kikombe cheusi chenye springi ndani, umeme ukiingia springi inapata joto na kukifungua kibao polepole.

Nilihitaji waya mmoja tu wa kuleta umeme huo, lakini lazima uwe waya unaopata umeme pale ufunguo unapowashwa na kuukosa pale unapozimwa. Chini ya dashibodi nilikuta nyaya zilizopita mikononi mwa mafundi wengi kabla yangu, zimeungwaungwa na rangi zake hazisemi kitu. Nikagusa mmoja kwa balbu ya kupimia. Balbu ikawaka. Ufunguo ulikuwa umewashwa. Nikauunga, nikazungushia utepe, gari likanguruma, nikafuta mikono. Sikuzima ufunguo nikapima mara ya pili.

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, mtu aliingia gerejini akisukuma baiskeli iliyojaa tope mpaka kwenye tandiko. Nilimtambua. Alikuwa Melkioro, dereva wa ile pikapu, mmoja wa watu waliovuka mpaka kutoka Burundi na familia zao miaka michache nyuma. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kila neno analiweka chini kabla ya kuchukua lingine.

"Amahoro, fundi."

"Salama, ndugu yangu. Gari umeliacha wapi?"

"Mimi si dereva tena. Nimekuja kukuuliza neno moja tu." Aliiegemeza baiskeli ukutani. "Asubuhi injini yote ni baridi kama jiwe la mtoni. Ufunguo uko mfukoni mwa mtu. Mbona kile kikombe cha choki ni cha moto?"

Nilikuwa na bisibisi mkononi. Naikumbuka kwa sababu niliiweka juu ya meza na ikadondoka, na sikuiokota.

Nilielewa yote kwa mara moja. Waya wangu ulikuwa unapata umeme usiku na mchana. Gari likizimwa jioni, choki iliendelea kunywa betri hadi asubuhi. Na zaidi ya hayo, springi ilikuwa imeshapata joto, kibao kimeshafunguka, kwa hiyo injini baridi ilitakiwa iwake bila choki na kwa betri iliyokufa nusu.

Melkioro alinieleza akiwa amesimama, kiti alikikataa. Tangu gari lirudi kutoka kwetu, betri ilikuwa dhaifu kila asubuhi. Alimwarifu muuguzi msimamizi mara tatu. Akajibiwa kwamba fundi wa Kasulu ameshamaliza kazi yake, kwa hiyo bila shaka yeye ndiye anayesahau kuzima taa. Akaanza kulilaza gari kwenye mteremko wa kanisani ili asubuhi alisukume. Akakatazwa, watoto wanacheza pale. Akaambiwa aliweke uani, penye tambarare.

"Halafu ikaja asubuhi ya Leokadia," alisema.

Leokadia alikuwa mke wa mkulima wa jirani na zahanati. Uchungu ulimshika tangu jioni na mtoto hakutoka. Alfajiri wakaamua apelekwe hospitali Kibondo. Wakamlaza ndani ya pikapu, Melkioro akazungusha ufunguo, stata ikakoroma mara mbili, ikanyamaza. Walisukuma uani kwenye tope mpaka magurudumu yakazama. Mwishowe walimbeba kwa ingobyi, ile machela ya miti na kamba, wanaume wanne wakipokezana na wanne. Walifika adhuhuri. Mama aliokolewa. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshakufa.

Wiki iliyofuata Melkioro alipewa barua ya kuachishwa kazi. Sababu iliyoandikwa ilikuwa neno moja: uzembe. Dereva mpya akapata taabu ileile, na siku moja wakamwita Melkioro asaidie kusukuma. Ndipo alipoweka kiganja juu ya kile kikombe. Hakumwambia mtu. Alipanda baiskeli, akanyonga siku mbili kuja kwangu.

"Kwa nini hukumwambia muuguzi?" nilimuuliza.

"Ningemwambia mimi, angesema natafuta wa kumsukumia lawama. Nilitaka aliyefunga aseme."

Jumanne, saa moja asubuhi, tuliondoka Kasulu juu ya lori la mfanyabiashara mmoja, Mzee Hamadi, aliyekuwa akipeleka chumvi ya Uvinza na sabuni hadi Kakonko. Bosi wangu wa gereji nilimwambia kwamba nakwenda kurekebisha kazi. Sikumwambia kazi ya nani. Nilichukua balbu ya kupimia, waya mpya, fyuzi na koleo. Baiskeli ya Melkioro tuliifunga juu ya magunia, nasi tukakaa kila mmoja upande wake. Mashamba ya maharage na migomba yalipita. Akina mama waliokuwa wakilima walisimama na kupigapiga viganja, kama Waha wasalimiavyo, naye Melkioro akawajibu vivyo hivyo kwa niaba yetu sote wawili. Mimi mikono yangu ilikuwa mizito.

Mchana, kabla ya Makere, mvua ilitukuta. Lori lilizama mara mbili. Mara ya pili tulikata matawi na kuyatandika chini ya magurudumu, na hapo nikaona bega la kulia la Melkioro shati lilipovutika. Ngozi ilikuwa na kovu jipya, jekundu, upana wa mti wa machela.

Makere tulilala kwa mwanamke aliyepika chakula cha madereva, Bi Zuhura, mjane mwenye asili ya Ujiji kama mimi. Alitupa ugali wa muhogo na maharage, akatuangalia tunavyokula bila kusemezana.

"Mnakwenda msibani?" aliuliza.

"Hapana," nilisema.

"Ndiyo," alisema Melkioro, wakati uleule.

Bi Zuhura aliongeza maharage kwenye sahani ya Melkioro, kisha, baada ya kufikiri kidogo, na kwenye yangu.

Jumatano, tulipokwisha kuvuka daraja la Malagarasi, barabara iliingia porini. Ni miti ya miombo tu na mizinga ya nyuki iliyotundikwa juu, mwendo wa saa nyingi bila nyumba. Huko ndiko nilikowaza jambo ambalo nitaliandika hapa ingawa linanitia aibu. Niliwaza kwamba ningeweza kurekebisha ule waya kimyakimya. Ningesema swichi ya gari ilikuwa mbovu, imechakaa, hakuna wa kulaumiwa. Melkioro angerudi kazini, nami ningerudi Kasulu na jina langu. Nilimtazama. Alikuwa akinitazama.

"Fundi," alisema, "mwenyeji akiitwa mzembe ana shangazi, ana mjomba, ana ukoo wa kumtetea. Mimi nina karatasi tu. Siku nikiitwa ofisini kwa ajili ya kibali cha kukaa, wataifungua ile barua kwanza kabla hawajaniona sura."

Sikuwaza tena habari ya swichi.

Saa kumi alasiri tulipita Kibondo mjini bila kushuka, na saa kumi na moja Mzee Hamadi akatushusha zahanati. Yalikuwa majengo mawili ya tofali za kuchoma, na pikapu ilikuwa imesimama uani, mbele yake nyayo za watu waliosukuma asubuhi ile. Muuguzi msimamizi, Mama Skolastika, mwanamke mrefu mwenye nywele zilizoanza mvi, alitoka akifuta mikono. Alipomwona Melkioro alikunja uso.

"Huyu kakuleta kunishtaki, fundi?"

"Hapana, Mama. Nimekuja kujishtaki mwenyewe. Naomba ufunguo wa gari uushike wewe, usinipe mimi."

Aliuchukua kwa dereva mpya, akaushika kiganjani. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi waligeuka. Niliinua boneti, nikachomoa waya kwenye kikombe cha choki, nikaugusisha kwenye balbu yangu ya kupimia. Balbu iliwaka, nyeupe kabisa, na ufunguo uko mkononi mwake.

"Umeme huu haukupaswa kuwapo hapa," nilisema. "Mimi ndiye niliyeuleta. Betri ilikuwa inakwisha kila usiku kwa kazi ya mikono yangu. Huyu hakuacha taa hata siku moja."

Mama Skolastika aliitazama balbu muda mrefu. Nilitegemea anifokee. Badala yake aliketi kwenye ukingo wa benchi, wagonjwa wakasogea kumpa nafasi, akasema kwa sauti ya chini, "Alikuja kwangu mara tatu."



Alhamisi asubuhi, kabla ya kushika kazi, niliomba nipelekwe kwa Leokadia. Melkioro alinitangulia kwenye njia ya mashamba. Tulimkuta nje ya nyumba yake akipukuchua maharage. Mumewe alikuwa shambani. Leokadia alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiria. Kiswahili alikijua kidogo, akazungumza Kiha, na Melkioro akanitafsiria, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana.

Nilimweleza kama nilivyowaeleza wengine, kwa maneno machache. Aliendelea kupukuchua mpaka nilipomaliza.

"Walinibeba tangu alfajiri," alisema. "Mtoto alikuwa anacheza tumboni mpaka tulipovuka kijito cha pili. Baada ya pale sikumsikia."

Melkioro alitafsiri huku akiangalia chini.

"Ulijua kwamba waya ni mbaya?" aliniuliza.

"Sikujua, Mama. Lakini ningeweza kujua. Ilikuwa kazi ndogo tu ya kupima, na sikuifanya."

Nilimwambia pia nilichokuwa nimeambiwa na Mama Skolastika jana yake, kwamba daktari wa Kibondo hakuweza kusema kama saa zile zingemwokoa mtoto. Nilimwambia si kwa kujitetea, bali kwa kuwa ilikuwa haki yake kuisikia. Alitikisa kichwa kama mtu anayekataa kitu anachopewa.

"Huyu," alisema akimwonyesha Melkioro, "alikuwa mbele, kulia. Wenzake walipokezana, yeye alikataa kupokewa. Halafu wakasema yeye ndiye aliyeniulia mtoto. Nami nikanyamaza, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kusema." Alimimina maharage kwenye ungo. "Nenda ukatengeneze gari. Wapo wenzangu wanaosubiri kujifungua."

Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikumwomba aseme.

Saa nne nilianza kazi. Niliufuata ule waya wangu hadi mwisho wake na kuung'oa wote. Kisha nikatoa swichi ya ufunguo kwenye dashibodi, nikapima kila ncha ya nyuma yake, kwanza ufunguo ukiwa umewashwa, halafu umezimwa, na tena mara ya pili kwa kila ncha. Nilipata moja iliyotii: umewashwa, balbu inawaka, umezimwa, inazimika. Ningeweza kuchukua umeme kwenye koili, ile inayozipa plagi cheche, iliyo karibu na rahisi, ila hapo choki ingeziibia plagi nguvu. Kwa hiyo nilivuta waya mpya kutoka kwenye swichi, nikaweka fyuzi katikati yake, nikaupitisha mbali na ekzosi na kuufunga kwa vishikizo. Kikombe nacho nilikipa waya wake wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari, kwa kuwa kilikaa juu ya gasketi ya karatasi na hakikugusa chuma vizuri. Mwisho nilikizungusha kikombe mpaka kibao kikaziba kabureta kwa shida kidogo tu, kama mlango unaorudishwa bila kubamizwa. Melkioro alikaa pembeni yangu muda wote, akishika anachoambiwa ashike. Betri tuliipeleka misheni, kulikokuwa na jenereta, ikachajiwa hadi jioni.

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu ulikuwa umelala uani kiasi kwamba pikapu tuliiona tulipokuwa hatua tano karibu nayo. Ilikuwa baridi ya kutoa mvuke mdomoni. Mama Skolastika alikuwapo, na dereva mpya, na wanaume kadhaa waliobeba ile machela siku ya Leokadia. Leokadia alisimama nyuma yao na mumewe, amejifunika kitenge mpaka kichwani.

Niliinua boneti. Mama Skolastika alisogea bila kuitwa, akaweka kiganja chake juu ya kikombe, akakiacha hapo.

"Ni baridi," alisema.

Kisha akamnyoshea Melkioro ufunguo. Melkioro hakuupokea.

"Kwanza karatasi," alisema.

Nilikuwa nimeiandika jana yake jioni, kwa wino, kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la zahanati. Niliisoma kwa sauti pale pale kwenye ukungu. Ilisema kwamba mimi, Shabani, fundi umeme wa magari wa Kasulu, ndiye niliyefunga choki ya gari hili kwa makosa. Kwamba betri ilimalizwa na makosa hayo. Kwamba dereva Melkioro alitoa taarifa, na taarifa yake ilikuwa kweli. Sentensi yenye jina langu niliisoma mara mbili.

Mama Skolastika aliichukua, akaiweka juu ya madigadi ya gari, akaongeza mistari yake chini ya yangu. Naye aliisoma kwa sauti: "Niliarifiwa mara tatu. Sikusikiliza. Barua ya kumwachisha kazi nimeifuta." Akatia sahihi, akaingia ndani, akarudi na muhuri.

Melkioro aliikunja karatasi mara mbili na kuiweka ndani ya shati. Akapanda, akazungusha ufunguo. Stata iliita kwa nguvu, injini ikashika mara ya kwanza, ikanguruma kwa kasi kama inavyopasa injini baridi. Nilikuwa nimeinama juu ya kabureta. Kibao kilikuwa kimeziba. Taratibu sana kikaanza kusimama, na mngurumo ukashuka nao, hadi baada ya dakika chache kibao kikawa wima kabisa na injini ikatulia.

Mmoja wa wanaume wale alivua kofia. Nilipoinua kichwa, Leokadia alikuwa ameketi chini, kitenge usoni, na Mama Skolastika amepiga magoti kando yake kwenye tope. Melkioro aliizima injini ili kuwe kimya.

Jumamosi nilirudi peke yangu. Melkioro alinipeleka Kibondo mjini kwa ile pikapu, akanitafutia lori. Aliniambia atafanya kazi mpaka dereva mpya aizoee barabara, kisha ataamua. Bado moyo wake haukuwa tayari kukaa kila siku kwenye ule usukani. Tulishikana mikono, naye akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Nikasema, "Nilipaswa kupima." Akajibu, "Sasa unapima."

Jumapili jioni nilifika Kasulu, nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa bosi wangu na kumsimulia yote, pamoja na ile karatasi yenye jina langu. Alikasirika, na zaidi kuliko makosa alikasirikia karatasi. Alisema nimeivunja gereji yake kwa wino. Haikuvunjika, ila kweli kwa miezi kadhaa watu walipungua, na wengine walipeleka magari yao Kigoma.

Nilichojifunza katika safari ile si kikubwa cha kuandikwa kitabu. Nilijifunza kwamba kupima kitu kikiwa kinafanya kazi ni nusu ya kupima; lazima ukipime pia kinapotakiwa kilale. Na nilijifunza kwamba mtu anapokuja na taarifa mara tatu, aghalabu hana sababu nyingine ya kuja ila ni kweli. Hili la pili limenichukua muda mrefu zaidi kulizoea, kwa kuwa mimi pia ni mtu wa kupenda kusadiki mikono yangu kuliko mdomo wa mwingine.

Karibu na Idi, mwalimu mmoja kutoka Kitanga alileta gari lake. Alishuka, akanitazama kwa muda, mkono bado uko mlangoni.

"Samahani," alisema. "Ni wewe yule fundi wa gari la kule Kibondo?"

Vijana wote gerejini waliacha walichokuwa wakifanya.

"Ndiyo, mwalimu," nilisema. "Ni mimi."

Alifikiri kidogo. Kisha akaenda mbele ya gari lake, akainua boneti.